Kabla ya Bisibisi, Yafuate Maji

Mhadhara kwa wakazi wa Kisasa, Dodoma, kuhusu mashine za kahawa za nyumbani

Mbukwenyi!

Asanteni sana. Walioko nyuma naomba msogee, nafasi ipo. Vitu nilivyokuja navyo ni vidogo, havionekani kutoka mlangoni.

Naanza na hiki kipande cha bomba la alumini. Nimekikata kwa msumeno jana jioni. Kipitisheni mkono kwa mkono, kila mtu achungulie tundu lake. Lilipokuwa jipya, kalamu ingeingia humo bila shida. Sasa njiti ya kiberiti inakwama. Na huo ukoko mweupe unaouona haukutoka kwenye kahawa, umetoka kwenye maji yetu wenyewe.

Mashine yake ni ya mama mmoja wa Ipagala. Kijana wake alimnunulia kwa mshahara wake wa kwanza, kwa hiyo mnaelewa thamani yake. Ikaanza kutoa kahawa kidogo kidogo, ikakohoa, ikanyamaza. Akaambiwa mota imeungua, anunue nyingine. Akaiweka stoo miaka miwili. Ndugu zangu, mashine ya aina ile haina mota. Haikuwahi kuwa nayo. Nilichofanya ni kuchukua hita na bomba lake kutoka mashine nyingine iliyopasuka tangi, nikamfungia, akanywa kahawa siku hiyohiyo. Lakini kama angejua mapema ninachotaka kuwaambia leo, hata bomba lisingefika hapo.

Ninachotaka kuwaambia ni hiki: mashine ikikataa, usikimbilie bisibisi. Yafuate maji. Yalitoka wapi, yamefika wapi, yameishia wapi. Ndani ya mashine ya kahawa kuna safari moja tu, kutoka tangi hadi kikombe, na ugonjwa karibu wote umekaa njiani.

Kwanza tuyajue hayo maji. Maji mengi ya mji huu yanatoka visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Yamekaa ardhini muda mrefu, yameyeyusha madini ya mawe. Sisi tunasema "maji ya chumvi", na ulimi haudanganyi. Ila chumvi unayoionja siyo inayoziba bomba. Chumvi ya kawaida hubaki imeyeyuka, hupita na kutoka zake. Anayeziba ni mwenzake asiye na ladha kali, yaani chokaa. Kwenye maji ya baridi chokaa imeyeyuka, huioni. Ukiyachemsha, gesi ya kaboni dioksidi inatoka, chokaa inakosa wa kuishikilia, inaganda palepale penye moto. Ndiyo maana sufuria ya kuchemshia maji ya kunywa inakuwa nyeupe chini, na ndiyo maana sabuni hapa inasumbua kutoa povu. Shuleni mlifundishwa: maji magumu.

Sasa nenda Majengo jioni, uangalie dele la muuza kahawa. Nalo lina ukoko, pengine wa miaka. Mbona halifi? Kwa sababu dele lina tumbo pana, ukoko unakaa chini na kahawa inaendelea. Mashine yako ina mshipa mwembamba, na chokaa inaganda ndani ya mshipa.

Tuifungue hii ya matone, inayodondoshea unga wa kahawa maji ya moto, ambayo wengi mnayo. Tazameni chini. Sahani ya kupashia jagi ni hii, na chini yake kuna hita iliyopinda kama kwato ya farasi, imeshikana na bomba. Hita moja inafanya kazi mbili: inapasha sahani na inachemsha maji yaliyo ndani ya bomba. Maji yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke, mapovu yanayasukuma juu, yanamwagikia kahawa. Hakuna pampu. Kinachozuia maji yasirudi kwenye tangi ni hiki kivali kidogo kwenye mpira: kijigololi au kiulimi, basi.

Ukishalielewa hilo, utaweza kutambua ugonjwa kwa kiganja. Washa mashine, ngoja dakika mbili, kisha sogeza kiganja karibu na sahani, usiiguse. Sahani ina moto lakini maji hayapandi? Umeme hauna kosa, hita haina kosa. Njia imeziba, au kile kivali kimeng'ang'ania. Sahani ni ya baridi? Hapo sasa ndipo tunazungumza umeme: soketi, fyuzi ya plagi, swichi, na ndani kabisa fyuzi ya joto. Anayejua hili peke yake hadanganywi tena kuhusu mota.

Kuhusu umeme nitasema machache, lakini naomba myashike. Chomoa plagi kabla ya kufungua chochote. Kuzima swichi hakutoshi. Fyuzi ya plagi ni rahisi, unaitoa na kuweka nyingine yenye namba ileile. Mashine iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani ilitengenezwa kwa volti 120, na huku kwetu soketi ina 230. Soma maandishi ya chini kabla hujachomeka, maana ukikosea inaungua kwa sekunde. Na ile fyuzi ya joto, kijitu kama punje ya mpunga kilichovishwa ala, hukatika hita ikipata moto kupita kiasi. Nimeshawahi kufungua mashine nikakuta mtu ameitoa na kuunganisha waya tupu. Ilifanya kazi, ndiyo. Mpaka siku tangi lilipoisha maji na mwenye nyumba yuko sokoni. Plastiki iliyeyuka, kabati likaungua upande mmoja. Fyuzi ya joto inabadilishwa kwa fyuzi ya joto ya kiwango kilekile. Fundi akikuambia "nimeiruka", usiichukue mashine hiyo.

Turudi kwenye chokaa, kwa sababu hapa ndipo mnaweza kujisaidia wenyewe leo jioni.

Chokaa inayeyushwa na uchachu. Ninachotumia ni asidi ya sitriki, ule unga mweupe wanaotumia watengeneza juisi. Gramu 20 kwa lita moja ya maji, kama vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa. Maji yawe vuguvugu ya kushikika. Wengine wanafikiri yakichemka ndiyo dawa inakuwa kali, kumbe joto kubwa linaweza kufanya asidi hiyo igeuke na chokaa kuwa punje nyingine ngumu kutoka. Mimina kwenye tangi, washa, acha nusu ipite, zima. Subiri dakika 20. Utasikia kama soda inayochemka ndani, ni kaboni dioksidi inatoka. Washa, malizia. Maji yakitoka na mchanga mweupe usiogope, lakini uyaangalie: magamba yakibanduka makubwa yanaweza kuziba mbele zaidi, hasa pale juu kwenye matundu ya kumwagia. Chokonoa kwa kijiti cha meno. Kisha pitisha matangi mawili ya maji safi.

Siki inafaa ukikosa hiyo, ila ni ya polepole na harufu yake huingia kwenye mipira. Ndimu inafaa, lakini utahitaji nyingi, na uichuje nyuzi zote. Bomba la alumini usiliache kwenye uchachu usiku kucha, asidi ikimaliza chokaa inahamia kwenye chuma. Na nawasihi, msichanganye kamwe siki au asidi hii na jiki. Inatoka gesi ya klorini, na jiko la nyumba zetu halina hewa ya kutosha. Ina madhara makubwa kwa mapafu.

Mara ngapi? Kwa anayetumia kila siku na maji ya bomba la hapa, mimi nasema kila mwezi. Kitabu cha mashine kitasema miezi mitatu, kimeandikwa na mtu wa maji mengine.

Ipo njia bora kuliko kusafisha, na haigharimu kitu. Nyumba nyingi hapa zinachemsha maji ya kunywa. Maji yale yakishachemka, yakatulia na kupoa, sehemu kubwa ya chokaa imebaki chini ya sufuria. Yachuje kwa kitambaa safi, acha tope jeupe chini, yaliyo juu yatie kwenye mashine. Ukoko ugande kwenye sufuria, ambayo unaisugua kwa steli waya, usigande kwenye bomba usilolifikia. Ladha ya chumvi haitatoka kwa kuchemsha, hiyo inabaki. Mwenye tanki la mvua anaweza kuchanganya nusu kwa nusu, maji ya mvua hayana chokaa. Mvua zetu ni za msimu mmoja na ni chache, kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, lakini kahawa ya nyumba moja inahitaji maji kiasi gani? Lita moja kwa siku inatosha familia.

Wenye mashine za pampu, zile za espreso, yaani kahawa nzito ya kikombe kidogo, safari ni ileile isipokuwa mwanzoni kuna pampu inayonguruma. Pampu ikinguruma kwa sauti nyembamba na kavu, maji hayaji, mara nyingi imemeza hewa. Hutokea tangi likiisha au lisipokaa vizuri. Toa tangi, lirudishe kwa kulikandamiza, fungua njia ya mvuke ya maziwa, iache pampu isukume sekunde chache, pumzisha, rudia. Hewa itatoka huko. Maji yakivuja pembeni mwa kishikio cha kahawa, angalia pete ya mpira juu: imekauka au imejaa unga wa kahawa. Futa kwanza, badilisha baadaye. Na mrija wa maziwa upanguswe kwa kitambaa kibichi palepale ukimaliza, na upulize mvuke kidogo. Maziwa yakishakauka ndani yanakuwa kama gundi.

Ladha nayo inapeleka watu kwa fundi bila sababu. Mashine ya espreso ikitoa kahawa chini ya sekunde 15, nyepesi na chachu, unga ni mkubwa mno. Ikitoa tone baada ya tone, nyeusi na chungu kama dawa, unga ni laini mno. Tafuta sekunde 25 hadi 30. Hapo fundi ni mashine ya kusagia. Tena osheni chujio na jagi kwa sabuni, mafuta ya kahawa ya wiki iliyopita huharibu hata kahawa nzuri ya Mbinga.

Naona mkono. Ndiyo, mama.

Anauliza kuhusu birika la moka, lile la kuweka motoni ambalo mvuke unasukuma maji juu kupita kwenye unga wa kahawa, kama na hilo linahusika. Linahusika sana, na nashukuru umeuliza. Birika hili, lilianza Italia mwaka 1933 kwa Alfonso Bialetti, halina umeme, kwa hiyo watu wanaliamini. Lakini angalieni hapa ubavuni: hii ni vali ya usalama. Chokaa yetu inaigandisha. Tundu la kahawa likiziba na vali imeganda, mvuke hauna pa kutokea. Maji yaishie chini ya vali, yasiifunike, na unga usiushindilie. Kila wiki sukuma kipini chake kwa ncha ya kijiti, kama kipo, uone kinacheza. Kisipocheza, loweka kwenye maji ya sitriki dakika 15. Kikikataa bado, birika hilo usiliweke tena motoni.

Na kaka pale? Anasema kwao, hapa Dodoma, kahawa ya mashine ya matone haitoki na moto kama aliyoizoea Dar es Salaam. Kaka, hiyo siyo mashine. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Kwa kahawa joto hilo linatosha kabisa. Pasha jagi na kikombe kwa maji ya moto kabla hujawasha, utaona tofauti.

Swali la mwisho, dada mwenye kitenge. Lini mashine imekufa kweli? Ukiona bomba la alumini limekuwa na vidoti vyeusi na linatoa unyevu karibu na hita, chuma kimelika. Maji yataingia kwenye hita na utapigwa shoti. Hiyo usiiletee asidi. Chomoa, itoe vipuri vyake vizima, kama kivali, mpira, swichi na jagi, uvihifadhi. Hivyo ndivyo nilivyopata hita ya yule mama wa Ipagala.