Ziwa limefungwa na kufuli gani?

(Mazungumzo na wazazi baada ya ibada, Kigoma mjini, Jumapili ya mwisho kabla ya likizo ya Juni)

Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu shikamooni. Mchungaji kanipa dakika chache na kanionya nisizidishe maana kuna kuku wa mnada wanasubiri hapo nje, kwa hiyo nikianza kuzunguka nikohoeni tu nitaelewa.

Wiki ijayo shule zinafungwa. Najua mnachowaza maana na mimi ndo nawaza hicho hicho, unga utaisha haraka, kelele, nani atabaki nao. Mwenzetu mmoja kaniambia pale mlangoni yeye anawapakia wote kwenye basi wakakae kwa bibi yao Kasulu mpaka shule zifunguliwe. Sijamlaumu, bibi naye ana haki ya kuwaona wajukuu. Ila wa kwake mdogo ana miaka 3, nikabaki najiuliza.

Mimi mvuvi, mnanijua. Kazi yetu ya usiku, tena usiku wa giza, unawasha taa dagaa wanaifuata, mbalamwezi ikitoka taa inakuwa haina kazi tena ndo tunakaa nyumbani siku kadhaa. Yaani mtoto wa mvuvi anamjua baba yake kwa kuangalia mwezi. Siku za giza asubuhi mimi narudi nalala yeye anaenda shule, jioni yeye anarudi mimi nashuka Kibirizi, mwaloni kwetu mitumbwi inapoegeshwa.

Sasa mnakumbuka 2024, serikali ilipopumzisha Ziwa Tanganyika, ikafunga uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili dagaa na migebuka wazaliane. Miezi 3 jamani! Siwezi kuwadanganya hapa mbele, mkono wa Mungu sikuuona hata kidogo, niliona madeni. Na likizo ya Juni ikaangukia humo humo, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu nioe niko nyumbani usiku na mchana na watoto nao wapo. Nikafanya nini? Nikashinda kijiweni nacheza drafti na kulalamika, nikirudi nyumbani ni simu.

Siku moja niko uani nashona nyavu, binti yangu, alikuwa na miaka 4 kipindi hicho, kaja kasimama mbele yangu kavaa kiatu kimoja kingine sijui kakiacha wapi, akaniuliza, "Baba, ziwa limefungwa na kufuli gani?" Nikamwambia nenda kacheze huko.

Jioni mama watoto ananiuliza, unajua mwanao kashinda wapi leo? Kumbe kashuka na mwenzake mpaka mwaloni wanatafuta kufuli la ziwa. Wamekagua mitumbwi yote iliyovutwa mchangani, wakakuta mmoja mwenyewe kaufunga na mnyororo kwenye mti na kufuli juu, basi wakarudi wameridhika, wameliona. Kwanza nilitaka nichape, mtoto wa miaka 4 ufukweni bila mtu mzima unajua kabisa ingekuwaje. Halafu fimbo ikanishinda kuiinua. Alikuja kumuuliza baba yake anayelijua hilo ziwa tangu utoto, baba kamfukuza, akaenda kujitafutia mwenyewe.

Usiku ule nikafungua Marko 10. Wale wanafunzi waliowakemea wanaoleta watoto mimi siwaoni kama watu wabaya, Yesu katoka kuulizwa maswali na Mafarisayo habari za talaka, mbele yake kuna safari ya Yerusalemu na anajua kinachomsubiri kule, wao wanalinda ratiba yake tu kama sisi tunavyolinda zetu. Na Yesu akachukizwa, akachukizwa na waliozuia. Halafu akawakumbatia wale watoto, akawawekea mikono, akawabariki. Tafuteni humo mahubiri aliyowahubiria hao watoto mniletee, mimi sikuyaona, nimeona mikono.

Zaburi ya 90 inaomba tujulishwe kuzihesabu siku zetu. Nikahesabu Juni. Mtoto akianza awali mpaka amalize la sita, maana kwa mtaala mpya msingi ni miaka sita, ana likizo za Juni saba. Toa mbili za mwisho maana hapo ni tuisheni na makambi ya mitihani, zimebaki tano. Na sikuhizi hiyo tuisheni tunaianzisha hata kwa mtoto wa chekechea, haya mimi sisemi.

Mtaniambia hela hamna. Kwani nani kataja hela? Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inasema ukiketi nyumbani, ukitembea njiani, ukilala, ukiamka. Basi. Hakuna mahali pameandikwa mpeleke bichi ukamnunulie soda.

Kesho yake nikamchukua tukashuka wote mwaloni, tukakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikamweleza kufuli lenyewe ni sisi wavuvi kukubali kutoingia majini. Akafikiri weee, akauliza dagaa wanajua kama wamepewa likizo? Nikasema sijui. Akasema tuwaombee basi. Akaomba dagaa wawe wengi na wasipotezane na mama zao. Mimi nimekulia kanisani humu na dagaa wamenilisha maisha yangu yote, sijawahi kuwaombea hata siku moja. Tuliporudi nikampa sindano ya nyavu apige fundo. Fundo baya mno, dagaa wanapita hapo wakipunga mkono, lakini sijalifumua mpaka leo na wenzangu kwenye mtumbwi wananicheka.

Juzi nimemkumbusha lile kufuli, akaona aibu, akaniambia "Baba bwana, wakati ule nilikuwa mdogo." Mdogo! Na bado hajang'oa jino la pili.

Naona sande skuli wametoka, yule anayekimbia mbele ni wangu, na kiatu kimoja tena hakipo. Mchungaji nimemaliza, leteni kuku.