Acheni Kumwapisha: Pombe Baada ya Kuumia Ubongo

(Mhadhara kwa familia zinazouguza majeruhi wa kichwa, Dodoma)

Ndugu zangu, wazazi wangu, karibuni. Habari za ajali na za wodini mnazijua, siwarudishi huko. Naanza na lile ninalolisema kila nikipewa nafasi: acheni kumwapisha mgonjwa.

Kijana kaanguka na bodaboda, katibiwa, karudi nyumbani. Miezi michache baadaye anakunywa kuliko zamani. Kikao cha ukoo kinaitwa. Mjomba anasema, baba mdogo anasema, mwenyewe analia na kuapa. Jumamosi inafika, mnada wa Msalato, anarudi kabebwa. Mnasema katudharau. Hakuwadharau! Alipoapa alimaanisha. Lakini kutimiza kiapo kunahitaji sehemu ya mbele ya ubongo, hapa nyuma ya paji la uso. Ndiyo inayomkumbusha mtu nia yake tamaa inapofika, na ajali za namna hii huiumiza mara nyingi. Mnamdai kwa kile kile kilichoumia.

Najua kuna anayesema, "Mbona fedha anazonidai anazikumbuka?" Kumbukumbu si kitu kimoja. Ya zamani hubaki. Iliyopotea ni ile ya kukumbuka saa kumi jioni alichoamua saa mbili asubuhi. Na akikana kwamba amekunywa huku ananuka, pengine anaziba pengo la kumbukumbu kwa jambo analoliamini kabisa. Msibishane naye akiwa amelewa. Hata dakika moja.

Badala ya kiapo, badilisheni siku yake. Wiki nzima andikeni kwenye daftari: kanywa saa ngapi, na nani, kwa fedha ya nani, alikuwa amekula? Mkiona saa inayojirudia, iwahini. Kama ni saa kumi, saa tisa unusu awe ameshakula, na saa kumi kuna mtu amemfuata waende kumwagilia zabibu au kurudisha mbuzi. Amfuate, asingoje akumbuke mwenyewe. Agizo liwe moja tu kwa wakati, fupi, naye alirudie kwa maneno yake. Njia ya kurudi isipite kilabuni.

Sasa fedha. Mtaniambia mtu mzima hanyang'anywi fedha zake. Kweli, hanyang'anywi. Mnakubaliana naye asubuhi, hajanywa, mbele ya mtu anayemheshimu, na mnaandika: laini yenye fedha anaitunza nani, yeye anapata kiasi gani kwa siku. Kwa siku, si kwa wiki! Malipo ya alizeti yakimfikia mkononi kwa mkupuo, yamekwenda. Ada ilipwe shuleni moja kwa moja, deni la dukani lilipwe dukani. Mwenye kilabu aelezwe asimkopeshe. Na wewe mama unayelipa deni la pombe kimyakimya ili aibu isitoke nje, nakuelewa, lakini ukilifuta leo, kesho anakopeshwa tena.

Mzee mmoja hapo ananiangalia kama anasema, "Kidogo tu kina ubaya gani?" Mzee wangu, ubongo ulioumia hulewa kwa kidogo, na kifafa huja kirahisi. Akinywa juu ya fenobabitoni, ile dawa ya kifafa, usingizi unaweza kuwa mzito hadi pumzi ikapungua. Gongo ndiyo kabisa, nguvu yake haipimwi. Wengine wakiona kanywa wanamsimamishia dawa ya kifafa siku tatu nne; huko nako ni kukialika kifafa. Muulizeni daktari mapema afanyeje siku aliyokunywa.

Muda unanibana. Anayekunywa kila siku msimfungie ndani ghafla ili akauke. Degedege linaweza kumpata ndani ya saa 6 hadi 48 tangu glasi ya mwisho, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kutetemeka na kuona visivyokuwepo. Hilo huua. Mpelekeni hospitali ya mkoa au Mirembe, hospitali ya afya ya akili, aachishwe pombe chini ya uangalizi, na mtaje wazi kwamba ni mnywaji, ili apewe vitamini B1. Degedege likimshika, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni. Likipita dakika 5, hospitali.

Akianguka tena, msiseme kalewa, alale. Anazidi kusinzia, anatapika, kichwa kinazidi kuuma, mkono mmoja umelegea? Hospitali usiku huo huo. Damu huweza kuvuja polepole ndani ya fuvu, dalili zikatokea wiki kadhaa baadaye.

Bangi sikuigusa, tutapanga siku yake. Wenye mgonjwa wa heroini, kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ipo hapa hapa, Itega. Na ile pikipiki iliyoegeshwa uani ikimngoja apone, iuzeni wiki hii.