Utrecht: Mji Uliosimama Juu ya Maghala

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Uholanzi ikitajwa, wengi hukimbilia Amsterdam. Mimi leo nawapeleka Utrecht, mji uliokuwa na askofu wake kabla Amsterdam haijakuwa hata kijiji.

Asili yake ni ngome ya Warumi, iliyojengwa yapata mwaka 47 ukingoni mwa mto Rhine. Mwaka 1122 Kaisari Heinrich wa Tano aliuthibitishia haki za mji. Zama hizohizo mto ulizibwa huko Wijk bij Duurstede, na wafanyabiashara wakachimba mfereji wa Oudegracht ili mashua ziendelee kufika.

Hapa naomba tutulie, maana ndipo penye ufundi wenyewe. Maji ya mfereji yako chini sana kuliko barabara. Wenye nyumba wakachimba kutoka vyumba vyao vya chini, wakapita chini ya barabara, wakatokea gatini. Pipa la divai likishushwa mashuani liliviringishwa moja kwa moja hadi ghalani. Maghala hayo yapo hadi leo. Mengine yamekuwa mikahawa, mengine karakana.

Mnara wa kanisa kuu, wenye urefu wa mita 112, ulianza kujengwa mwaka 1321 ukamalizika 1382. Ukumbi wa kanisa ulifuata baadaye, fedha zikiwa haba, ukakosa mihimili ya mawe ya kuushikilia. Tarehe 1 Agosti 1674 dhoruba ikauangusha. Mnara ukabaki peke yake, na kifusi hakikuondolewa chote hadi mwaka 1826! Uwanja mnaoukuta leo kati ya mnara na sehemu ya kanisa iliyosalia ndipo ukumbi ulipokuwa.

Lakini msidhani mji huu ulisalimika kwa bahati tu. Miaka ya 1970 sehemu ya handaki la maji lililouzunguka ilikaushwa ikawa barabara kuu ya magari. Kwangu hilo lilikuwa jeraha kubwa kuliko dhoruba, kwa sababu lilipangwa mezani. Mwaka 2002 wakazi walipiga kura, wakachagua mpango wa kurudisha maji, na Septemba 2020 mzunguko ukakamilika tena.

Kazi haijaisha. Magari mazito huyatikisa maghala yaliyo chini ya barabara, hivyo manispaa imeyawekea kikomo cha uzito, na kuta za magati zinakarabatiwa kipande kwa kipande. Baadhi ya mikahawa ya Oudegracht hupelekewa vinywaji kwa boti ya umeme, kupitia mfereji uleule.