Alama za ¶ zimejaa kwenye barua pepe yako? Tuziondoe kwenye Outlook

Habari za saa hizi, ndugu watazamaji, karibuni. Nipo mezani kwangu hapa Kariakoo, ghorofa ya pili, feni inazunguka, na nje mtasikia honi na muuza kahawa anayegonganisha vikombe vyake. Nilijaribu kufunga dirisha ili sauti itoke vizuri, joto likanishinda. Tuvumiliane.

Angalieni skrini yangu. Nimefungua Outlook, programu ya barua pepe ya Microsoft, ile ya kusakinishwa kwenye Windows, na hapa naandika barua pepe ya bei kwa mteja. Kila ninapopiga Enter kinatokea kidudu hiki: ¶. Ni kama herufi P iliyogeuzwa ikatazama nyuma, halafu ikapewa miguu miwili. Kati ya neno na neno kuna nukta ndogo inayoelea. Hapa nilipopiga Tab umetokea mshale. Barua yenyewe haifiki hata mistari kumi, lakini ukiitazama utadhani mkate uliomwagiwa ufuta.

Kabla hujagusa kitu, nisikilize kwanza. Usizifute kwa mkono.

Nasema hivi kwa sababu nimeona. Kuna dada mmoja tuliyekuwa naye ofisi moja kule Posta. Asubuhi moja alizikuta alama hizi kwenye proforma, yaani ankara ya awali ya bei, aliyotakiwa kuituma kabla ya saa sita mchana. Hakuuliza mtu. Alikaa akafuta ¶ moja baada ya nyingine, kama anayechambua mchele. Kila alipofuta moja, aya ya chini ilipanda ikagandana na ya juu. Alipomaliza, salamu, bei, masharti ya malipo na jina lake vyote vilikuwa fungu moja lisilo na pumzi. Na ¶ moja ilibaki pale mwisho kabisa, anaibonyeza haiondoki. Ile ya mwisho haifutiki, hata ufanye nini. Akaandika upya barua yote, na alama zikarudi zote.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Kwa sababu ¶ siyo uchafu uliodondokea kwenye barua. Ndiyo Enter yenyewe uliyopiga, imevuliwa shuka tu ukaiona. Wanaosoma msahafu wataelewa haraka: mwisho wa kila aya kuna kiduara chenye namba, kinachokuambia aya imeishia hapa. Na neno letu hili "aya", tunaloliita fungu la maandishi, limetoka hukohuko. Basi ¶ inafanya kazi ya kile kiduara. Ukiifuta, umeiambia kompyuta kwamba aya haijaisha, nayo inaunganisha na inayofuata. Mpangilio wa aya, kama umeiweka katikati au umeipa nafasi chini yake, nao umefungwa kwenye alama hiyohiyo.

Zamani huko Ulaya waandishi wa vitabu vya mkono waliichora mwanzoni mwa fungu, mara nyingi kwa wino mwekundu. Wanasema ilianzia kwenye herufi C ya neno la Kilatini lenye maana ya sura ya kitabu, ikachorwachorwa hadi ikawa hivi. Kompyuta ndiyo imeihamishia mwishoni.

La pili la kukutuliza: mteja wako haoni chochote. Ngoja niwaonyeshe. Barua hii imejaa vidudu, mnaona? Najitumia mwenyewe... Imeenda. Sasa nachukua simu, naisogeza karibu na kamera. Hiyo hapo. Safi kabisa, hakuna nukta wala mshale. Hata ukiiprinti hazitoki. Zinaonekana kwako wewe unayeandika, basi. Kwa hiyo kama bosi amesimama nyuma ya kiti chako anakuhimiza utume, tuma tu, tutaziondoa baadaye.

Haya, kazi yenyewe.

Bofya Outlook, fungua barua pepe mpya. Sasa weka mausi katikati ya sehemu ya kuandikia, ubofye mara moja hadi kile kijiti kiwe kinapepesa humo ndani. Watu wengi hukwama hapa. Kama kijiti kiko kwenye sehemu ya anwani ya mpokeaji au kwenye kichwa cha habari, vitufe vyote vya kupanga maandishi vinakuwa vya kijivu na havibonyezeki, nawe utadhani programu imeharibika.

Ukishabofya ndani, panda juu. Kwenye ule mstari wa maneno, tafuta palipoandikwa Format Text. Bofya. Chini yake vitufe vimepangwa kwa makundi, na kila kundi lina jina lake kwa maandishi madogo. Tunataka kundi la Paragraph. Mnaona hapa ninapozungusha mausi? Kuna kitufe chenye alama ileile, ¶, jirani na kile cha A na Z. Kwangu kimekolea rangi, maana yake kimewashwa. Nabofya mara moja.

Zimekwenda. Nabofya tena, zimerudi. Nabofya tena, zimekwenda. Ni swichi ya taa tu.

Kama kwenye kompyuta yako hukioni, yawezekana dirisha la barua umelifanya dogo, na kundi zima la Paragraph limejikunja likawa kitufe kimoja. Tanua dirisha lijae skrini, vitajitandaza vyote.

Na kama unajibu barua ndani ya lile dirisha la kusomea la pembeni, bila kufungua dirisha jipya, Format Text unaweza usiione kabisa. Juu ya jibu lako kuna neno Pop Out. Libofye, jibu litachomoka likawa dirisha lake, na kila kitu kitakuwa pale nilipokuonyesha.

Sasa tuje kwenye njia ya kibodi, kwa sababu ni ya haraka na kwa sababu ndiyo itakayotuambia vidudu hivi viliingiaje bila kualikwa. Shikilia Ctrl na Shift kwa pamoja, halafu bonyeza 8. Nane ya mstari wa juu, pale juu ya herufi, siyo ile ya upande wa kulia kwenye namba za kikokotoo. Ctrl, Shift, 8. Zimetokea. Ctrl, Shift, 8. Zimepotea.

Umeshajua naelekea wapi? Tazama kibodi yako: juu ya 8 kuna nini? Nyota. Ili uandike nyota unabonyeza Shift na 8. Na sisi hapa mjini nyota tunaziandika mno! Kila ankara ina maelekezo ya malipo mwishoni: piga *150*00# kwa M-Pesa, piga *150*60# kwa Airtel Money. Hesabu nyota hapo, nne, na hiyo ni barua moja. Ctrl na Shift zimekaa jirani kwenye kona ya chini kushoto, kimoja juu ya kingine. Kidole kidogo kikiteleza kikashika zote mbili, nyota haitoki. Inatoka swichi.

Nadhani hivi ndivyo inavyowatokea wengi, ingawa wao hawakumbuki. Wanakumbuka tu kwamba nyota iligoma, wakarudia kuiandika, safari hii ikakubali, wakaendelea. Walipoinua macho wakakuta ufuta umemwagika barua nzima. Kwa hiyo kama zimekutokea ghafla wakati unaandika namba za malipo, usimsumbue fundi. Ctrl, Shift, 8.

Hapo wengi wenu mmeshapona, mnaweza kwenda. Ila wapo ambao wamebofya kile kitufe na bado ¶ zimeng'ang'ania. Nukta zimeondoka, mishale imeondoka, ila ¶ ziko palepale. Hao tubaki kidogo.

Kwenye Outlook kuna sehemu mbili zinazoamuru alama hizi. Kitufe ni ya kwanza. Ya pili iko ndani, kwenye mipangilio, na hiyo ina amri ya kudumu: "hii ionyeshe siku zote". Ukitia tiki kule ndani, kitufe cha nje hakina ubavu. Ni kama taa ya barazani ambayo mwenye nyumba ameiunga moja kwa moja na umeme. Mpangaji utabonyeza swichi hadi kesho.

Twende taratibu. Rudi kwenye dirisha kubwa la Outlook, lile lenye orodha ya barua. Juu kushoto bofya File. Upande wa kushoto, chini chini, bofya Options. Linafunguka dirisha. Kushoto chagua Mail. Kulia, juu kabisa, kwenye sehemu ya kuandaa barua, kuna kitufe kimeandikwa Editor Options. Bofya hicho. Linafunguka dirisha jingine juu ya lile, msichanganyikiwe. Humo, kushoto, bofya Display.

Simamisha video hapa uangalie vizuri. Kuna orodha ya visanduku. Cha Tab ni ile mishale. Cha Spaces ni nukta. Cha Paragraph marks ndiyo ¶ yetu. Vipo na vingine, vya maandishi yaliyofichwa, vya vistari vya kukatia maneno, sina haja ya kuvieleza kimoja kimoja. Chini kabisa kuna cha kuonyesha alama zote. Ondoa tiki kwenye Paragraph marks, ondoa na hiyo ya alama zote. Mimi huondoa zote nikabaki na kitufe cha nje, kwa sababu sipendi nyumba yenye swichi mbili za taa moja.

Bofya OK. Dirisha la juu limefunga. Kuna lile la chini yake, nalo bofya OK. Usilifunge kwa kile kialama cha X kwa haraka ya kumaliza, maana X ni sawa na kusema "nimeghairi". Sasa fungua barua mpya, andika mistari miwili, piga Enter. Kweupe.

Kwenye Word mambo ni hayohayo, njia tu ni fupi zaidi: kitufe kipo Home, kundi la Paragraph, na mipangilio ni File, Options, Display moja kwa moja. Ctrl, Shift, 8 inafanya kazi na huko. Wala si ajabu, kwa sababu tangu toleo la 2007 Outlook imekuwa ikitumia injini ya Word kuandikia barua.

Haya yote ni ya Outlook ya kusakinishwa, ile ambayo Microsoft sasa wanaiita classic. Anayeandika kwa Gmail kwenye kivinjari asihangaike kutafuta kitufe hiki, hakipo. Ukiona ¶ kwenye Gmail, hiyo ni herufi halisi iliyokuja na maandishi uliyoyakopi mahali. Hiyo sasa futa bila woga, na kweli mpokeaji angeiona.

Na hapo nimkumbuke mtu aliyewahi kuniuliza kwa nini wateja wake wanaona herufi J peke yake mwisho wa sentensi. "Asante sana J." Akadhani ni ugonjwa huuhuu. Huo ni mwingine. Ukiandika nukta mbili na mabano, Outlook za matoleo ya zamani zinageuza kuwa uso unaocheka, lakini uso huo ni herufi J iliyovalishwa Wingdings, fonti inayochora vipicha badala ya herufi. Mpokeaji asiye na fonti hiyo anabaki na J. Kwa barua ya bei, mimi ningeacha kucheka kabisa.

Nisiondoke bila kuzitetea kidogo hizi alama, maana mimi mwenyewe huziwasha kwa makusudi. Tazameni barua hii ya bei. Mchele wa Kyela, mchele wa Shinyanga, unga wa dona, na bei zake upande wa kulia zimenyooka vizuri kama foleni ya benki. Nawasha: Ctrl, Shift, 8. Mnaona nukta zilivyojazana kati ya jina na bei? Aliyeandika alikuwa anapiga kibao cha nafasi mara kumi na tano hadi namba zikae sawa. Kwenye skrini yake zimenyooka. Mteja akifungua kwenye simu, herufi zake zina upana tofauti, bei zinatawanyika, na ya mchele unaweza kuikuta inaelekea kwenye unga. Dawa ni kuweka jedwali la safu mbili. Lakini bila nukta usingejua tatizo liko wapi.

Ukiziona zimewashwa na mwisho wa mstari kuna mshale uliopinda kushoto badala ya ¶, hiyo ni Shift na Enter: mstari umevunjwa lakini aya bado ni ileile. Inakuja sana na maandishi ya kukopi. Ndiyo maana wakati mwingine unataka kuweka katikati mstari mmoja, inahama barua nusu. Nenda mwisho wa mstari huo, futa ule mshale, piga Enter ya kawaida. Na kikiwa ni kiduara kitupu kilichoinuka kati ya maneno mawili, hiyo ni nafasi isiyokatika, inayoyashika maneno hayo yasitenganishwe mstari ukijaa. Nzuri kwa "TSh" na kiasi chake.

Basi, nimeshapanga jedwali, bei zimekaa. Ctrl, Shift, 8, kweupe. Namba ya malipo chini, naandika nyota kwa uangalifu, kidole mbali na Ctrl... Imekubali. Natuma. Na huyo muuza kahawa amesimama chini ya dirisha, ngoja nimuwahi kabla hajavuka kwenda Msimbazi.