Jinsi ya kutazama mawe ya urani chini ya taa ya urujuanimno

Kabla hatujazima taa, vaa glavu na miwani ya kuzuia mionzi ya urujuanimno, yaani mwanga usioonekana kwa macho. Mawe haya hupukutika, na vumbi lake halifai kabisa kuingia kifuani. Usiyapulize, usiyasugue. Tandika karatasi mezani, uyaweke juu yake.

Hili la vipande vyembamba vya manjano, kama magamba ya samaki, ni otunaiti. Jina limetokana na mji wa Autun, Ufaransa. Hili la kijani ni tobanaiti. Hili jeusi, zito mkononi, ni uraninaiti, na ndilo lenye urani nyingi kuliko yote.

Zima taa ya chumba. Yape macho dakika chache yazoee giza, kisha washa taa ya urujuanimno ya nanomita 365 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) ukiielekeza mezani, kamwe si usoni mwa mtu.

Tazama otunaiti! Kijani chenye umanjano, kikali ajabu. Ngoja nisogeze kamera: unaona kingo za magamba zinavyowaka kuliko katikati? Ndani yake kila atomu ya urani imeshikana na oksijeni mbili. Muungano huo hufyonza urujuanimno tusiouona, kisha huitoa nishati hiyo kama nuru ya kijani. Sasa nazima taa. Giza, papo hapo. Unururifu, yaani mionzi ambayo urani huitoa yenyewe wakati wote, haukomi kwa kuzima swichi, kwa hiyo nuru ile haikutokana nao.

Mulika tobanaiti. Hamna kitu. Inafanana sana na otunaiti kwa muundo, ila penye kalisi pana shaba, na shaba huimeza nishati kabla haijawa nuru. Uraninaiti nayo ni nyeusi tii, maana urani yake kwa sehemu kubwa iko katika hali nyingine ya kikemia.

Leta kipima mionzi karibu na hiyo uraninaiti. Sikia kinavyolia! Mwaka 1896 mwanafizikia Mfaransa Henri Becquerel aliona chumvi za urani zikiacha alama kwenye bamba la picha hata zikiwa gizani, bila kung'aa. Basi usipime usalama wa jiwe kwa taa. Wilemaiti, madini ya zinki, hung'aa kijani bila urani yoyote.

Ukimaliza, kunja karatasi kwa ndani uitupe, rudisha kila jiwe kwenye kisanduku chenye jina lake, na uvihifadhi penye hewa ya kutosha, kwa sababu mawe haya hutoa radoni, gesi yenye unururifu. Vua glavu, unawe mikono kwa sabuni, ndipo ushike simu.