Usitupe Kiatu Kilichokuangusha

Ndugu zangu, mtu akianguka kazini anakimbizwa hospitali, na nyuma yake panasafishwa. Sakafu inapigwa deki, ngazi iliyovunjika inatolewa nje, viatu vyake vinatiwa kwenye mfuko wa taka. Wote wanafanya hivyo kwa nia njema, na kumbe ushahidi wake ndio umekwenda jalalani.

Mtaniuliza, ushahidi wa nini, na fidia ya kazini ipo? Ni kweli, katika nchi nyingi fidia hiyo hulipwa bila kutafuta nani alizembea, na ukishaipata mara nyingi huwezi tena kumshtaki mwajiri. Lakini kinga hiyo ni ya upande wa mwajiri. Kiwanda kilichotengeneza ile ngazi, au ile nta ya sakafu, hakimo. Hicho bado unaweza kukidai, ingawa aliyekulipa fidia huenda akataka kurudishiwa chake ukishinda.

“Lakini si mimi niliyenunua!” Hoja hiyo ilijibiwa New York mwaka 1916. Bwana MacPherson alinunua gari la Buick kwa muuzaji, gurudumu la mbao likavunjika, akaumia. Mahakama ikasema mtengenezaji anawajibika hata kama hamkuuziana. Mwaka 1963, California, katika kesi ya Greenman aliyepigwa kipajini na kipande cha mti kilichoruka kutoka kwenye mashine ya useremala, mahakama ilikwenda mbali zaidi: ukithibitisha kwamba kasoro ya bidhaa ndiyo iliyokuumiza, si lazima uthibitishe uzembe.

Kasoro yenyewe huenda iko kwenye ubunifu, kwenye utengenezaji, au kwenye onyo ambalo halikuandikwa. Hebu geuza kiatu kilichouzwa kwa jina la “hakitelezi”. Tazama mifereji ya soli: je, ina njia ya kutolea maji pembeni, au maji yanabaki yamenaswa chini ya unyayo? Soli ikiwa imelika, upande wa pili utaanzia hapo hapo, utasema ni uchakavu. Kwa hiyo umri wa kiatu na risiti yake vina uzito mkubwa.

Na sakafu hupimwa. Kuna chombo chenye mkono unaobembea kama pendulamu, kina kipande cha mpira kinachopangusa sakafu iliyolowa. Uingereza, kipimo cha 36 kwenda juu huhesabiwa hatari ndogo ya kuteleza. Chini ya 25, hatari kubwa. Ikishasuguliwa upya, sakafu inayopimwa si ile iliyokuangusha.

Basi mwenzako akianguka, mmoja aende naye hospitali, mwingine abaki na simu apige picha kabla ya deki. Kiatu kisioshwe. Ngazi isitengenezwe, hata kama ni raba ya mguu wa ngazi tu iliyochomoka. Itafuteni raba hiyo, mwiweke pamoja na ngazi, mahali penye kufuli.