Wati Tano Zinatosha

(Mazungumzo na wanafunzi wa umeme na elektroniki, Tanga)

Shikamooni wakubwa. Vijana, hamjambo? Haya, tukae, muda ni mfupi na mambo ni mengi.

Hii niliyoishika ni nini? Semeni kwa sauti. Washa. Washa ya bomba, tena ya plastiki, ile fundi anayokubadilishia koki ikianza kuvuja. Nimeinunua asubuhi hii, na bei yake haifiki nauli ya kunileta hapa. Mwaka 2003 Mhindi mmoja wa Hyderabad, Ashhar Farhan, jina lake la hewani VU2ESE, alizichukua washa kama hizi akazizungushia waya wa shaba, zikawa koili za redio. Redio yenyewe aliiita BITX. Inapokea na kurusha sauti kwenye mita 20, huo ndio urefu wa wimbi lake, yaani megahezi 14 na kitu. Mchoro wake akaugawa bure kwa ulimwengu mzima. Ndani mna transista ndogondogo za kawaida, kristali za megahezi 10, na mwishoni transista moja ya IRF510 inayosukuma mawimbi kwenye antena. IRF510 haikuundwa kwa kazi ya redio hata kidogo. Ni ya kuwasha na kuzima umeme, ndiyo maana bei yake ni ya chini.

Uzuri wa redio hii uko kwenye mpangilio wake. Mmeshapita kwenye daraja jembamba, lile la gari moja? Wa huku wakipita, wa kule wanasubiri, kisha zamu inageuka. BITX ni daraja hilo. Vikuzaji vyake vimepangwa viwili viwili, mgongo kwa mgongo. Umeme ukiingia upande huu, redio inasikia. Ukibonyeza maiki, umeme unahamia upande wa pili, redio inasema. Kichujio cha kristali ni kimoja, kinatumika kwenda na kurudi. Badala ya kujenga redio mbili, umejenga moja.

Nayasema haya kila ninapoalikwa na sitachoka. Tunatoa mafundi wanaobadilisha bodi nzima ya simu, lakini hawajawahi kuzungusha koili moja kwa mkono wao. Kisha tunawaambia redio ya kurusha ni kitu cha kuagiza ng'ambo kwa mamilioni. Si kweli.

Sasa liko swali limewakaa kooni. "Wati ngapi?" Tano. Haya, mmeguna. Kila mahali wanaguna. Taa ya chumbani kwako inakula kuliko hapo, sivyo? Basi nisikilizeni vizuri, maana hili ndilo lililonileta.

Kuna vituo 18 duniani vilivyowekwa na wakfu wa wanaridhaa, watu wanaorusha redio kwa kupenda tu, wa Northern California wakishirikiana na umoja wa kimataifa wa redio za ridhaa, IARU. Kazi yao ni kama ya mnara wa taa baharini, kumjulisha msikilizaji njia ipi ya anga iko wazi. Kwenye megahezi 14.100 vinapokezana, kila kimoja sekunde 10, na baada ya dakika 3 mzunguko unaanza upya. Kituo kinataja jina lake kwa Morse, ile lugha ya milio mifupi na mirefu, halafu kinatoa milio minne, kila mmoja sekunde moja. Mlio wa kwanza ni wati 100. Wa pili wati 10. Wa tatu wati 1. Wa nne ni moja ya kumi ya wati.

Jioni moja nilikuwa barazani na kipokezi nilichokilehemu mwenyewe, kinakula betri ya pikipiki, waya umetoka dirishani ukafungwa kwenye mnazi. Binti yangu, wakati ule yuko darasa la sita, amekaa mkekani na daftari, kazi yake kuhesabu milio. Ikafika zamu ya ZS6DN, Pretoria. Mlio wa kwanza ukaja umeshiba. Akaweka alama. Wa pili, akaweka alama. Wa tatu akainamisha kichwa, akaweka alama. Kisha akaninyoshea kiganja ninyamaze, na mimi sikuwa nimetamka neno. "Upo," akasema, "kama mbu."

Moja ya kumi ya wati! Toka Pretoria hadi mkekani kwetu ni zaidi ya kilomita 2,500. Na wenzetu kule hawana lidude la kuzungushwa juu ya paa. Antena ya vituo hivi ni mlingoti mmoja wa wima, unarusha pande zote sawasawa, kwa hiyo sehemu kubwa ya hicho kidogo ilikuwa inaishia baharini na porini. Kilichobaki kikamfikia mtoto.

Ngojeni, haijaisha, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Zamu iliyofuata ilikuwa ya 5Z4B, Kenya, hapo jirani tu. Kimya. Binti akauliza, "Jirani kalala?" Hapana. Kwenye megahezi 14 wimbi linapanda, linagonga ionosfia, lile tabaka la juu la anga, linarudi chini mbali sana, na jirani anabaki kivulini. Hata wakirusha kwa wati 100, kivuli ni kivuli. Ukitaka Nairobi au Dodoma mchana, shuka mita 40, megahezi 7.000 hadi 7.200, ufunge waya wako usiwe juu sana ili mawimbi yapande wima na kurudi karibu. Nimeona mtu amenunua kikuza nguvu kikubwa kwa sababu "hasikiki Morogoro", na tatizo lake lilikuwa masafa aliyochagua.

Tupige hesabu. Kutoka wati 100 kushuka wati 5 ni desibeli 13. Alama moja ya kipimo cha S, ile sindano ya kipokezi inayoonyesha nguvu ya wimbi linaloingia, ni desibeli 6. Kwa hiyo aliyekusikia kwenye 9 atakusikia karibu na 7. Umeshusha nguvu mara 20, na sindano yake imeshuka alama mbili na kidogo. Sasa waya wa antena: gawanya 143 kwa megahezi zako, unapata urefu kwa mita. Kwa 7.1 ni kama mita 20, ukate katikati, mita 10 huku na mita 10 huku. Pesa uliyotaka kuimaliza kwenye wati, inunulie waya mzuri na kamba ya kuupandishia. Sisemi kwamba wati tano ni sawa na mia. Kwa sauti, wati tano zinataka subira na siku njema. Kwa Morse zinapenya, na ndiyo maana nawasihi mjifunze Morse.

Najua yuko anayesema moyoni, "Mwalimu, sisi tuna WhatsApp." Nami ninayo. Lakini Mei 2024 nyaya za baharini zilipopata hitilafu, mlikuwa wapi? Mlikuwa mnazungusha simu juu kama mnaotafuta nyota. Simu yako inafika mnarani, kutoka hapo unategemea watu usiowajua na mitambo usiyoiona. Wazee wetu katika zahanati za mbali walikuwa na redio ya upepo, na madaktari wa ndege wa shirika la afya la AMREF waliitwa kwa redio hizo. Ila hata hilo si hoja yangu kubwa. Hoja yangu ni kwamba aliyejenga redio anajua kilichomo ndani yake, na ujuzi huo atautumia kwenye kifaa chochote atakachokutana nacho baadaye. Na zile redio ndogo za mkononi za bei rahisi mnazozipenda, ni za VHF: zinafika pale jicho linapofika, mlima ukisimama mbele, basi.

Mwingine anasema vifaa vinatoka nje. Kweli, baadhi. Farhan mwenyewe mwishoni mwa 2016 alianza kuuza bodi ya BITX40, imeshalehemiwa, wati kama 7 kwa betri ya volti 12, na koili zake zilizungushwa kwa mkono na kikundi cha akina mama. Mwingereza Hans Summers akaleta QCX mwaka 2017 kwa dola 49, ya Morse, unalehemu mwenyewe kifaa kimoja kimoja. Ilianza kwa ajili ya kambi ya vijana wa redio. Transista zake za mwisho ni BS170 tatu, kila moja ndogo kama punje ya hindi, zinatoa karibu wati tano bila kupata moto wa maana kwa sababu zimepangwa kuwaka na kuzima kwa wakati wake. Ongeza usafiri na ushuru, changeni watu watatu. Lakini unaweza kuanza na vya hapa hapa, na hapo nina la kuwaonya.

Nilipojenga kirushio changu cha kwanza cha mita 40 sikuwa na pete za kuzungushia koili. Nikafungua pawasapulai ya kompyuta chakavu, nikatoa pete nzuri, ya manjano, ubavu mmoja mweupe. Nikazungusha, nikalehemu, nikabonyeza. IRF510 inanguruma, betri inaliwa, kipimo cha antena hakifiki hata wati 1. Nikabadilisha transista. Vile vile. Nikabadilisha ya pili. Siku tatu! Siku ya tatu nikagusa kichujio cha mwisho kwa kidole, nikakitoa upesi. Pete ilikuwa ya moto kuliko transista. Ile rangi ya manjano na nyeupe ni unga wa chuma wa aina ya 26, wa kazi ya masafa ya chini. Kwenye megahezi 7 inageuza mawimbi yako kuwa joto. Pete tunayoitaka ni nyekundu, aina ya 2. Ukiikosa nyekundu, chukua hii washa. Plastiki haiongezi nguvu ya sumaku ya koili kama pete, kwa hiyo utazungusha mara nyingi zaidi, lakini haitakuibia. Na kichujio hicho msikiruke: bila chenyewe, redio ya megahezi 7 inachafua pia 14 na 21.

Jingine la IRF510, haraka: bati la mgongoni limeungana na mguu wa kati. Ukilifunga kwenye kasha la chuma la redio bila mika, kile kipande chembamba cha kuzuia umeme, umeunganisha betri na ardhi. Na kirekebisho cha geti, mguu unaoiamuru transista, kianzie chini kabisa, ukipandishe polepole huku jicho liko kwenye mita ya ampea.

Naona naonyeshwa saa. Nilitaka kuzungumzia WSPR na FT8, njia za kurusha ujumbe kwa kompyuta, ambapo kompyuta inasikia pale sikio lilipokata tamaa. Hiyo ni siku nyingine. Leseni: kusikiliza anza leo, kurusha usianze mpaka mamlaka ya mawasiliano imekupa jina. Letu Tanzania linaanza na 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X, Rwanda 9X, Burundi 9U. Msirushe bila jina. Hilo sina mjadala nalo.

Meza ya nyuma kuna washa, waya wa kusukia mota na viwembe. Kila mtu achukue washa moja na waya wa mita moja. Kuhesabu: kila waya unapopita tunduni ni mzunguko mmoja, hata ule wa kwanza uliopita moja kwa moja. Msihesabu kwa nje. Kabla ya kuzungusha, kwangueni ncha zote mbili, maana ile rangi ya shaba mnayoiona ni vanishi, risasi haiishiki. Inatakiwa ing'ae kama shilingi mpya.

Wewe wa mbele, lete nione. Bado. Geuza upande wa pili, kwangua tena.